Mcheza Kwao Hutuzwa, na Hawa Kwao ni Wapi?

Jumamosi moja asubuhi, mpenzi msomaji, nilijikuta nimeketi kwenye benchi la ukumbi mmoja katikati ya jiji la Nairobi, magoti yangu yamebanwa na fimbo kumi na mbili zilizofungwa pamoja kwa utepe mwekundu. Fimbo hizo hazikuwa zangu. Zilikuwa za watoto wa Kawangware waliokuja kushindana katika mchezo wa kung fu, na madhali mimi ndiye niliyekuwa mtu mzima wa pekee upande wao asiye na kazi, nilikabidhiwa nizilinde. Mtu wa umri wangu, aliyezoea kualikwa mahali asome mashairi au afungue kongamano la lugha, akipewa ulinzi wa fimbo hana budi kujiuliza amefikaje hapo.

Nilifikishwa na binti wa jirani yangu, mtoto wa miaka kumi na mitatu. Kila jioni akipita mlangoni pangu huniamkia, "Shikamoo, Mzee," neno nililomfunza mwenyewe na ambalo kwao hawana mazoea nalo. Siku moja alisimama akanambia, "Mzee, wewe huandika gazetini habari za ngoma na mashairi. Mbona hujaandika habari zetu?" Nikamwuliza, ninyi ni kina nani? Akasema, "Sisi wa kung fu." Nikacheka. Yeye hakucheka, nami nikaona haya.

Kicheko changu kilikuwa na asili yake. Bruce Lee alifariki Hong Kong tarehe 20 Julai 1973, na filamu yake iliyomvumisha duniani, Enter the Dragon, ikaonyeshwa mwaka huo huo baada ya kufa kwake. Wakati huo mimi nilikuwa sijui hata kufunga kikoi. Lakini filamu zile hazikuzeeka upesi katika nchi zetu. Hapa Nairobi zilijaza watu katika sinema za mjini, Odeon, Cameo, Embassy na Globe, sinema ambazo leo nyingi zimekwisha kufungwa au kugeuzwa makanisa na maduka. Na miaka ya themanini, nilipopelekwa Mombasa kwa mjomba wangu kusoma, zilikuwa zingali zikionyeshwa huko. Tulikuwa tukitoka sinema jioni hakuna anayekwenda kwa miguu miwili kama binadamu. Huyu anaruka ukuta, yule anapiga teke mlango wa watu, na mwenzetu mmoja alijitupa kutoka kibarazani akavunjika mkono. Tukajitengenezea vijiti viwili viwili vilivyoungwa kwa mnyororo, tukavizungusha mpaka vikatupiga wenyewe vichwani.

Mwalimu wetu wa chuo, Mwenyezi Mungu amrehemu, alivikusanya vijiti vile vyote siku moja akavitia motoni. Hakutupiga. Alituketisha na mbao zetu tukaandika alifu mpaka adhuhuri, alifu peke yake, na kila alifu iliyopinda akaifuta kwa kidole. Tangu siku hiyo kung fu kwangu ilikuwa jina jingine la ghasia. Na nilipohamia Nairobi nikasikia watu wakisema vijana wa mitaa ya mabanda wanaojifunza mchezo huo ndio watakaotunyang'anya mikoba kesho kutwa, sikuona sababu ya kuwabishia. Naungama kwamba mimi mwenyewe nimepata kulisema neno hilo, tena barazani, mbele za watu.

Basi juma moja kabla ya mashindano nilikwenda kuwaona mazoezini. Mahali pao ni kibanda kikubwa cha mabati Kawangware, nyuma ya soko, wanachokikodi kwa saa. Mchana huwa ni chekechea, na irabu tano zimechorwa ukutani kwa rangi ya bluu. Nilitarajia makelele na mateke, nikakuta kimya. Watoto ishirini na kitu walikuwa wamesimama safu safu, miguu wameitanua, magoti wameyakunja, mapaja yamekaribia kulala sawa na sakafu, ngumi wamezibana viunoni, mfano wa mtu aliyempanda farasi asiyeonekana. Wachina huuita msimamo huo mabu, yaani hatua ya farasi. Wakasimama hivyo. Nikatazama saa yangu, wakazidi kusimama. Jasho likawatiririka puani na hakuna aliyelifuta. Mwalimu alikuwa akipita nyuma yao polepole, akimsukuma huyu bega kidogo, yule bega kidogo, kuona nani atayumba.

Mwalimu mwenyewe ni kijana wa miaka thelathini na kitu. Usiku ni bawabu kwenye lango la nyumba za ghorofa huko Lavington, ng'ambo ya barabara tu lakini dunia nyingine kabisa; alasiri, akishalala saa zake chache, hufundisha. Nilimwuliza watoto hawa huanza lini kupigana. Akanijibu, "Mwaka wa kwanza, Mzee, hakuna kupigana. Anayetaka kupigana namwambia aende stendi ya matatu, huko atapigana bure."

Ndipo aliponieleza jambo ambalo baadaye nililihakikisha kwa wanaokijua Kichina. Neno kung fu kwa asili yake halina maana ya kupigana hata kidogo. Maana yake ni ustadi unaopatikana kwa kazi na kwa muda mrefu. Mpishi aliyebobea anayo kung fu yake, na mwandishi wa hati nzuri anayo yake. Mchezo wenyewe unaoshindaniwa leo rasmi wauita wushu, yaani sanaa ya vita, na hata hiyo herufi wu wakale wao waliifasiri kuwa ni kuuzuia mkuki. Nilipoyasikia hayo katika kibanda kile, mbele ya irabu zile za bluu, nilimkumbuka mwalimu wangu na alifu zake. Mzee wangu aliponipeleka chuoni mara ya kwanza alimwambia mwalimu kwamba nyama ni yake, yeye atatosheka akirudishiwa mifupa. Kumbe kilichofanyika katika vile vibaraza vya Lamu na kinachofanyika chini ya mabati ya Kawangware ni kitu kimoja: mtoto kurudia jambo dogo hadi likaingia mwilini, mbele ya mtu anayelijua na asiyekubali lipinde.

Sasa turudi ukumbini. Mashindano haya yana sehemu mbili, na msomaji asiyezijua hataelewa niliyoyaona.

Sehemu ya kwanza huitwa taolu. Mshindani huingia zuliani peke yake, bila adui, akaonyesha mfululizo wa miondoko uliopangwa tangu zamani, kwa mikono mitupu au kwa silaha: upanga, jambia pana, mkuki, au fimbo. Zulia la kimataifa lina urefu wa mita 14 na upana wa mita 8. Waamuzi humpa alama kutoka 10, na katika daraja za juu 5 ni za usahihi wa miondoko, 3 ni za mwenendo mzima, nguvu yake na mapigo yake, na 2 ni za ugumu wa miruko. Mimi sikuhitaji kufafanuliwa mara ya pili. Hili ni shairi. Lina mizani, na mizani ikizidi au ikipungua mwenye sikio hujua, lina kituo, na juu ya hayo yote lina kile kitu kisichohesabika kinachofanya shairi moja likae vifuani mwa watu na jingine, lililotimia vina vyote, lisahauliwe kabla ya chai kupoa.

Binti wa jirani yangu aliingia na fimbo. Alifunga ngumi ya kulia, akaifunika kwa kiganja cha kushoto, akawasalimu waamuzi kwa adabu hiyo ya kwao, kisha akaanza. Nami, nisiyejua kitu, niliona jinsi fimbo ilivyokuwa ikiimba hewani na jinsi mtoto yule mwembamba alivyokuwa ameondoka Nairobi kabisa, yuko mahali pake mwenyewe. Akaruka, akageuka, akaipitisha fimbo nyuma ya shingo, na hapo mkono ukateleza. Fimbo ikaanguka. Sauti ya fimbo inapoanguka katika ukumbi uliokaa kimya, msomaji, ni sauti kubwa mno.

Kuangusha silaha hukatwa alama, na yeye alilijua hilo kuliko mimi. Nilidhani atakimbia nje. Aliinama akaiokota, akarudi kwenye mwondoko uliotangulia ule wa makosa, akaufanya upya, na safari hii fimbo ikapita nyuma ya shingo ikatokea upande wa pili. Akamaliza, akasalimu, akatoka kwa hatua zile zile alizoingia nazo. Alikuwa wa saba kati ya wanane.

Sehemu ya pili ni sanda, na hii ndiyo ya kupigana: ngumi, mateke, na kuangushana. Kanuni zataka ulingo wa mita 8 kwa 8 ulioinuliwa sentimita 80 kutoka chini, daktari awe karibu, na kila mpiganaji awe na glavu, kofia ya kinga, kinga ya kifua na ya meno. Raundi ni za dakika mbili mbili, na mwenye kushinda mbili kati ya tatu ndiye mshindi. Pale ukumbini ulingo ulikuwa ni mistari ya utepe juu ya magodoro membamba, na kofia za kinga zilikuwa nne kwa watoto wote, akitoka huyu anavuliwa anavishwa yule, jasho la mwenzake lingali humo. Daktari sikumwona. Nalisema hili wazi kwa sababu makala haya si ya kuwapaka watu mafuta: mtoto asiwekwe mbele ya teke la mwenzake mahali pasipokuwa na mtu wa kumtazama akizimia. Waandaaji wakisema hawana fedha za daktari, basi siku hiyo wafanye taolu peke yake.

Upande wetu kulikuwa na kijana wa miaka kumi na sita, mwana wa mama mmoja muuza mboga, mwenye miguu mirefu na kipawa kisichofichika. Raundi ya kwanza aliichukua bila taabu. Ya pili alikuwa anaongoza mwamuzi aliposimamisha mchezo ili amfunge mpinzani wake kofia iliyolegea. Mwenzake akateremsha mikono. Kijana wetu akampiga teke la kifua, na yule akaenda chini.

Hakuumia, alhamdulillahi. Mwamuzi alimwonya kijana na kumkata alama, na hata baada ya kukatwa bado alikuwa mbele. Lakini badala ya kuinamisha kichwa, kijana aliitazama hadhira akatabasamu, na sehemu ya hadhira, Mungu awasamehe, ikampigia makofi. Hapo ndipo mwalimu wake, yule bawabu, alipolichukua taulo akalitupa katikati ya ulingo. Maana ya taulo ni moja: tumeshindwa, tumetoka.

Watu walizomea. Mama mtu alikuja mbio, leso imemvuka begani, akamwambia, "Mwalimu, umemnyima mwanangu medali! Wiki nzima nimemwacha asinisaidie sokoni kwa ajili ya siku hii!" Yule kijana wa watu hakupandisha sauti. Alisema, "Mama, medali nitamtafutia nyingine. Hii tabia ikishakomaa, mimi sitaweza kuitoa."

Nimekaa miaka mingi katika waamuzi wa mashindano ya mashairi na ya ngoma. Nimeona walimu wakiwanong'oneza wanafunzi majibu, nimeona viongozi wa vikundi wakitaka kupigana na waamuzi kwa ajili ya alama mbili. Mwalimu kumtoa mwanafunzi wake mwenyewe anayeshinda, tena mbele ya mama yake, sikuwa nimekuona. Tulifundishwa chuoni kuwa nguvu za mtu hupimwa wakati wa ghadhabu. Nilikuwa nalijua somo hilo kwa moyo, nikaja kuliona kwa macho katika mchezo niliokuwa nikiuita wa wahuni.

Pembeni yangu aliketi bwana mmoja mwenye suti, aliyekuwa amemleta mwanawe kutoka Westlands. Alipojua mimi ni mtu wa pwani na mwandishi, akaniuliza kwa upole wa mtu anayedhani amepata mwenzake: "Lakini Ustadh, haya si ni ya Wachina? Kwa nini watoto wetu wasicheze vya kwetu?"

Swali hili nimelisikia mara nyingi, na huulizwa na watu ambao usiku huo huo watakesha wakitazama mpira wa Uingereza. Robert Wangila alipotuletea dhahabu ya ngumi kutoka Seoul mwaka 1988, hakuna Mkenya aliyeuliza mchezo ule ni wa nani. Na kama ni Mchina, hakuanza kufika huku juzi. Mwaka 1415 Malindi ilimpelekea mfalme wa Uchina twiga, na kule kwetu visiwani wazee wa Siyu wana masimulizi yao ya mabaharia wa Kichina waliovunjikiwa na chombo wakaoa huko huko. Chuo Kikuu cha Nairobi kina taasisi ya kufundisha Kichina tangu mwaka 2005. Barabara ya juu waliyoijenga Wachina, iliyofunguliwa mwaka 2022, inashukia Waiyaki Way upande wa James Gichuru, na watoto wa Kangemi huitazama kila siku waendapo shule. Haidhuru basi wakajifunza kutoka kwa watu hao kitu kingine kisichokuwa saruji.

Hata hivyo swali la yule bwana lilinichoma mahali, na sitaki kujifanya halikunichoma. Kwetu Lamu tuna kirumbizi. Zumari hulia, ngoma hupigwa, watu hufanya duara, na wawili huingia na fimbo: mmoja hupiga, mwenziwe hukinga, kisha hugeuziana. Si mchezo wa mzaha. Nimeona fimbo ikija kichwani kwa nguvu za kweli na ikapokewa kwa fimbo kwa wepesi wa kweli, miguu haikuacha hata pigo moja la ngoma. Huchezwa arusini, na wakati wa Maulidi uwanja wa Riyadha hufurika. Mimi mwenyewe nilifunzwa na ami yangu, uwanjani, kwa kupigwa. Lakini wanangu waliozaliwa Nairobi hawakuijua, nami sikuwafunza, na kama ningetaka kuwapeleka mahali wakafunzwe, ningewapeleka wapi? Kirumbizi ina uwanja na ina wenyewe, haina chuo. Haina daraja za wanaoanza na waliohitimu, haina kanuni zilizoandikwa, haina mwamuzi. Anayeijua akifa, hufa na mapigo yake.

Wachina nao walikuwa hivyo hivyo. Mapigo yao yalikuwa ya koo na vijiji na nyumba za watawa, kila mmoja akimficha mwenziwe. Mwaka 1928 serikali yao ikaanzisha chuo cha mchezo huo Nanjing. Mwaka 1936 wakapeleka kikosi Berlin kikauonyesha wakati wa Olimpiki. Baadaye wakaketi wakaandika kanuni, alama na vipimo, mpaka mwaka 1990 likaundwa shirikisho la dunia, na mwaka 1991 Beijing ikawa mwenyeji wa mashindano ya kwanza ya ubingwa wa dunia. Mwaka 2020 Kamati ya Olimpiki ya Kimataifa iliamua kuuingiza katika Michezo ya Olimpiki ya Vijana ya Dakar, iliyoahirishwa kutoka 2022 hadi 2026, ya kwanza ya Olimpiki katika ardhi ya Afrika. Wapo wanaolalamika kwamba kwa kuandikwa hivyo mchezo umepoteza siri zake, umekuwa wa kurukaruka mbele ya waamuzi. Huenda. Malalamiko kama hayo tuliyasikia sisi washairi pia, yaliyopoanza kuandikwa vitabuni na kufundishwa madarasani yale mashairi ambayo babu zetu waliyahifadhi kwa moyo. Na bado nani leo angetaka yasingeandikwa?

Kwa hiyo nilimjibu yule bwana kwamba watoto hawa hawakukiacha cha kwao. Hawajapata kukabidhiwa. Ukiwapa chuo cha kirumbizi Kawangware, chenye mwalimu kama yule bawabu, wataijaza safu siku ya kwanza.

Chuo chenyewe lakini huhitaji mahali, na hapa ndipo nataka wakubwa wa jiji letu wanisikilize. Wahenga walinena mcheza kwao hutuzwa. Hawa kwao ni wapi? Zama za ukoloni na hata baadaye, Baraza la Jiji lilijenga kumbi za jamii zaidi upande wa mashariki, Pumwani, Kaloleni na kwingineko, kwa kuwa huko ndiko Waafrika walikokalishwa, na katika kumbi za namna hiyo ngumi zikapata walezi wake. Magharibi palipangwa vingine. Lavington, Kileleshwa na Westlands zilikusudiwa watu wenye bustani zao na uanachama wa klabu. Kawangware na Kangemi zikaota pembeni zenyewe, bila ramani, zikajaa watu wanaofua, wanaopika na wanaolinda malango ya majirani. Aliyeota bila ramani hakuwekewa ukumbi. Viwanja vilivyobakia vikawa na wenyewe usiku mmoja, kwa namna ambayo kila mkaazi wa Nairobi anaijua na sina haja ya kuieleza.

Katiba yetu ya mwaka 2010, katika Jedwali la Nne, iliikabidhi serikali ya kaunti shughuli na mahali pa michezo na utamaduni. Si fadhila, ni kazi waliyopewa. Nami siombi jumba la marumaru. Shule za msingi za umma zina vyumba na viwanja vinavyolala vitupu kila alasiri na kila Jumamosi, vimefungwa kwa kufuli, ilhali watoto wa shule hizo hizo wako nje ya ua wanakodi kibanda cha mabati. Kila mtoto wa chama kile hutoa shilingi 50 kwa juma, na asiyekuwa nazo hufagia. Zote huenda kwenye kodi; mwalimu hapati hata nauli. Ufunguo wa kufuli hauna gharama. Kinachotakiwa ni mwalimu mkuu mmoja na karatasi moja yenye mhuri.

Na kwa kuwa nimeanza kusema, walimu wa mchezo nao wasikilize. Wapo katika jiji hili wanaouza mikanda. Mtoto hulipia mkanda wa manjano, akalipia wa kijani, akalipia na picha ya cheti, na kusimama mabu dakika tano hawezi. Milango ya shule ikifunguliwa na iulizwe kwanza ni nani anayeingia na watoto wa watu, alifunzwa na nani, na ana tabia gani. Mzazi naye asiogope kwenda kukaa nyuma ya ukumbi akatazama, kama nilivyotazama mimi, saa moja tu.

Tulirudi jioni kwa matatu ya namba 46. Kondakta alikataa mzigo wa fimbo, akasema unachukua nafasi ya mtu. Watoto wakaanza kubishana naye, mwalimu akawatazama, wakanyamaza. Nikatoa nauli ya fimbo kama ya abiria, tukapanda, zikakaa kando yangu kupitia Valley Road na Hurlingham mpaka nyumbani. Yule kijana wa sanda aliketi kiti cha nyuma kabisa na mama yake, hawasemezani. Binti wa jirani yangu alikuwa dirishani. Nilitaka kumpoza, nikamwambia hata washairi wakubwa hukosea mizani. Akanambia, "Sikukosea, Mzee. Nilikuwa nimechoka mkono. Jumatatu nitaanzia pale."

Fimbo zikalala kwangu. Jumatatu alasiri nilizichukua begani nikazipeleka, wapita njia wakinicheka, nikakuta mlango wa kibanda umefungwa. Kodi ilikuwa haijatimia, kwa sababu fedha za juma zilikwenda kwenye nauli ya mjini. Watoto walikuwa nje, kwenye vumbi kati ya kibanda na njia ya mikokoteni, wamesimama safu, magoti wameyakunja. Kijana wa sanda alikuwa wa kwanza mstari wa mbele, jasho likimtiririka, na mwalimu alikuwa nyuma yake akimsukuma bega. Mikokoteni ya viazi ilikuwa ikipita wakaipisha bila kuivunja safu. Nilifungua utepe, nikamtafutia binti fimbo yake. Akaishika, akasogea mahali penye nafasi, akaipitisha nyuma ya shingo.